Mkate unaokatwa kwa uzi

Baba mdogo akianza kusimulia habari za Brno, sisi watoto tulikuwa tunamsubiri afike kwenye uzi. Alisomea ufundi wa mitambo huko miaka ya 1980, nchi ikiwa bado inaitwa Chekoslovakia, akarudi Korogwe na koti zito ambalo hakuna aliyepata kulivaa tena, pamoja na hadithi isiyokwisha. Wacheki, alisema, wana mkate ambao hauokwi, unachemshwa. Tena ukishaiva haukatwi kwa kisu. Unakatwa kwa uzi, uzi huu huu wa kushonea nguo. Hapo ndipo tulipokuwa tunaangua kicheko. Uzi ukate mkate? Bibi alikuwa akitutuliza: "Mwacheni baba yenu. Alikuwa mbali sana."

Nimekua nikijua kwamba baba mdogo anatia chumvi. Kila msafiri hutia chumvi kidogo, na hii nikaihesabu kuwa ya kwake.

Mwaka 2024 nilikuwa nasoma Dresden, Ujerumani, na kutoka pale Praha, mji mkuu wa Wacheki, ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni. Oktoba hiyo mimi na Zuhura, mwenzangu wa bwenini, mtoto wa Unguja, tulikata tiketi ya kwenda Jumamosi na kurudi Jumanne. Reli inaufuata mto Elbe sehemu kubwa ya safari. Ukivuka mpaka mto unabadili jina, unaitwa Labe, na kabla ya hapo miamba mirefu ya mchanga imesimama juu ya maji kama kuta za nyumba zisizo na madirisha. Nilimtumia baba mdogo picha na shikamoo. Hakuandika neno, alituma sauti.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nisikilize. Huko usile penye picha za chakula mlangoni. Kula mchana, usingoje usiku. Ukiona mafundi wenye maovaroli wanaingia mahali, ingia nyuma yao. Na ukishakaa, agiza supu kwanza."

Jumamosi hatukumtii.

Tulitoka stesheni tukaenda moja kwa moja uwanja wa mji mkongwe, kwenye ile saa ya mnajimu ya mwaka 1410 ambayo watu hukusanyika kuitazama ikigonga. Tulikuwa na njaa ya safari. Pembeni palikuwa na kibanda wanachoma paja zima la nguruwe juu ya kuni, moshi wake umejaa uwanja mzima. Zuhura hali nguruwe, mimi nakula. Bei ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa, nikaiona kuwa ya wastani, nikaomba kipande. Muuzaji akakata, akaweka kwenye mzani, akataja korona 516 za Kicheki. Nikadhani sikusikia. Akanionyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya ile tarakimu: bei ni ya gramu 100. Kipande alichonikatia bila kuniuliza ukubwa kilikuwa na gramu 400. Kilikuwa kimeshakatwa, nyuma yangu pana foleni, nikalipa. Karibu shilingi elfu sitini za kwetu, kwa nyama niliyoila nimesimama, kwa uma wa plastiki, upepo ukinipulizia leso usoni. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu ile tarakimu kubwa iliandikwa hivyo kwa makusudi.

Zuhura alinunua trdelník, ule unga uliozungushiwa mti, ukachomwa na kupakwa sukari. Ulikuwa mtamu wa kutosha. Unauzwa kila kona kama urithi wa kale wa Praha, ilhali mji unaojulikana zaidi kwa chakula hicho ni Skalica, ulioko Slovakia, na mitaa ya Praha imekizoea katika miaka ya karibuni tu, kwa ajili yetu sisi watalii. Jumapili tulikula mkate na jibini za dukani, tukatembea hadi miguu ikakataa.

Jumatatu ndipo tulipokula.

Žižkov ni mtaa ulio nyuma ya stesheni kuu, na kuufikia ni kupanda kilima. Ulikuwa mji unaojitegemea hadi mwaka 1922 ulipounganishwa na Praha, mji wa wafanyakazi tangu mwanzo, na Wacheki wenyewe wakiutaja hutaja kwanza wingi wa baa zake. Juu yake umesimama mnara wa televisheni wa mita 216, una sanamu za watoto wachanga wanautambaa, kazi ya mchongaji David Černý. Tulikuwa tumeupandia huo mnara, lakini hatukufika. Saa tano na robo asubuhi, kwenye mtaa mwembamba wenye mawe, wanaume wanne wenye maovaroli yenye madoa ya rangi walivuka barabara mbele yetu wakaingia mlango mdogo wa kahawia. Hakuna picha mlangoni. Kulikuwa na ubao mweusi tu, na maandishi ya chaki kwa Kicheki. Zuhura akanitazama. "Maovaroli hayo, shoga."

Jina la mahali hapo sitalitaja. Nilihesabu meza kumi na nne, zote zina wenyewe, na ningechukia kusikia kwamba fundi mmoja amekosa pa kukaa kwa sababu yangu. Zaidi ya hayo, Praha ina nyingi za namna hii. Wacheki huziita hospoda, na neno hilo halina pacha katika Kiswahili: ni baa, ni mgahawa, na ni sebule ya mtaa kwa pamoja. Meza ni za mbao nzito zisizo na vitambaa. Ukuta umepigwa mbao hadi usawa wa bega, na juu ya mbao kuna kulabu za kutundikia makoti, kwa hiyo unapokula umezungukwa na makoti ya watu yakikaushwa na joto la chumba. Kulinukia kitunguu kinachokaangwa. Moshi wa sigara haukuwapo. Tangu 31 Mei 2017 sheria imeukataza ndani ya migahawa na baa zote. Baba mdogo anasema wakati wao ukila mara moja hospoda, nguo zinanuka hadi Jumapili.

Ukiingia unasalimia. Hili naliandika kwa mkazo, maana wengi huingia kimya halafu wanalalamika kwamba wahudumu wa huko wamenuna. Mafundi wale walisema "Dobrý den" kwa chumba kizima, na chumba kikaitikia. Nasi tukasema. Mhudumu, mzee mwembamba mwenye aproni nyeusi, akatikisa kichwa. Tulikaa meza ya kwanza tuliyoiona, karibu na kaunta. Akaja, akagonga meza kwa vidole viwili, taratibu, akatuonyesha kibao kidogo ambacho hatukukiona: ilikuwa meza ya wateja wa kudumu, wanaoitwa štamgasti, ambao wengine hukaa kiti kilekile kwa miaka. Hakukasirika wala hakutabasamu. Akatuelekeza kwenye meza ndefu walikokaa wawili wa wale mafundi.

Nilikuwa nimejifunza sentensi moja ya Kicheki kwenye treni, nikaitoa: "Je tu volno?" Hapa pana nafasi? Mmoja wao akajibu kwa kusogeza kofia yake na kikombe cha haradali. Kukaa meza moja na usiowajua ni jambo la kawaida kabisa huko, kama kwetu kwa mama ntilie ambako benchi ni la yeyote aliyewahi. Huna haja ya kuzungumza. Lakini chakula cha mwenzako kikija kabla ya chako, unamwambia "Dobrou chuť", yaani kila la ladha njema. Sisi mwenye kula ndiye husema karibu. Wao asiyekula ndiye husema neno.

Karatasi ya chakula ilikuwa moja, imechapwa kwa Kicheki tupu, na juu yake imeandikwa tarehe ya siku ile. Nikaielekezea simu. Simu ikasema chakula cha pili ni "cha mshumaa juu ya malai". Yule fundi wa rangi akaona tunavyohangaika. Kijerumani alikijua cha kazini, nasi tunakijua cha chuoni, tukakutana katikati. Alikuwa na mikono mikubwa yenye chembe nyeupe za rangi kwenye kucha, na kidole chake kilipopita juu ya karatasi alikuwa na umakini wa mwalimu.

Alitufundisha kwanza jambo ambalo sikulikuta kwenye tovuti yoyote ya watalii niliyosoma. Chakula cha hospoda kiko mafungu mawili. Kuna hotová jídla, chakula kilichokwishapikwa: sufuria kubwa tatu au nne zilizowekwa jikoni tangu alfajiri, nyama za kuchemka polepole, michuzi mizito. Na kuna minutky, vitu vinavyopikwa ukishaagiza, nyama ya kukaanga na vinginevyo. Cha kwanza ndicho cha mchana, ndicho cha bei nafuu, na ndicho ambacho mpishi wa Kicheki hujivunia. Mara nyingi kinatolewa siku za kazi tu, kuanzia saa tano hivi hadi saa nane, na sufuria ikiisha mhudumu anakifuta ubaoni. Mtalii anayeingia saa moja jioni, akiwa ametoka kwenye majumba ya makumbusho, anakuta kilichobaki ni minutky kwa bei ya juu, kisha anaondoka akidhani amekula chakula cha Wacheki.

Kwa nini mlo wa mchana uwe nafuu hivyo katika mji mkuu wa nchi ya Ulaya? Sababu moja ni hizo sufuria, kwani mpishi anayepika vyakula vitatu kwa watu themanini hapotezi kitu. Nyingine iko kazini kwa watu. Waajiri wengi huwapa wafanyakazi stravenky, vocha za chakula zenye nafuu ya kodi, na tangu 2021 sheria inaruhusu pia kiasi hicho kulipwa taslimu pamoja na mshahara. Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa ileile, watu wenye pesa ya mlo mmoja mfukoni wanamiminika kutoka ofisini, sokoni na kwenye majengo yanayokarabatiwa, na kila hospoda inawavuta kwa bei. Mgeni akikaa katikati yao analipa walicholipa wao. Hakuna bei ya mtalii, kwa sababu saa sita mchana hospoda haiwazii watalii.

Fundi alituonyesha kitu kingine kilichonigusa. Mbele ya kila chakula kulikuwa na namba: 150 g, 120 g. Hiyo ni nyama, ikipimwa mbichi, utakayoikuta kwenye sahani yako. Ni mazoea ya enzi za ukomunisti, wakati dola ilipanga vipimo vya kila chakula na kuzigawa hoteli na baa katika madaraja ya bei. Daraja la nne ndilo lilikuwa la chini kabisa, na ndipo nilipoelewa kwa nini baba mdogo huita kila mgahawa wa hali ya chini "la nne", hata wa pale stendi ya Korogwe. Dola ile imekwisha, nchi yenyewe iligawanyika mbili tarehe 1 Januari 1993, lakini gramu zimebaki kwenye karatasi. Jumamosi gramu zilifichwa kwa maandishi madogo ili zinile. Hapa ziliandikwa mwanzo wa mstari ili zinilinde.

Sasa suala la Zuhura. Hospoda si mahali rahisi kwa Mwislamu, na ni vizuri niliseme wazi kwa wasomaji wangu wengi ambao watajiuliza. Nguruwe yuko kila mahali, hata pasipoonekana. Chakula ninachokiita hapa cha mshumaa, svíčková, ni nyama ya ng'ombe, lakini kwa desturi nyama hiyo huchomekwa vipande vya mafuta ya nguruwe kabla ya kupikwa. Mchuzi wa gulaši unaweza kuwa wa ng'ombe na bado kitunguu chake kimekaangwa kwa mafuta hayohayo. Na hata bila hayo, nyama yenyewe haikuchinjwa kwa utaratibu wake. Zuhura alimweleza fundi: hali nyama, na hataki mafuta ya nguruwe. Fundi akamwita mhudumu, mhudumu akaenda jikoni, na aliyetoka alikuwa mpishi mwenyewe, mama wa makamo aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

Walizungumza watu watatu kwa lugha mbili. Neno lililosikika sana ni "bez sádla", bila mafuta ya nguruwe, na nawashauri mlikariri. Mama akasema ana dengu. Amezipika kwa maji tu, bado hajazitia kitunguu. Cha Zuhura atakaanga kwa siagi, kwenye kikaango kingine, na yai juu. Aliliinua kono lake la unga akalihesabia kwenye vidole: siagi, yai, tango la siki, basi. Zuhura akaweka mkono kifuani kumshukuru. Mama yule naye akaweka wake, ukaacha alama ya vidole vyeupe kwenye aproni.

Supu ilikuja kabla ya yote, imo ndani ya bei. Wacheki wana msemo, "Polévka je grunt", supu ndiyo msingi, na siku ile ilikuwa bramboračka, ya viazi. Usiifikirie kuwa maji ya viazi. Ni nzito kiasi, ya rangi ya kahawia, ina karoti zilizokatwa ndogo kama punje za mahindi, kitunguu saumu, jani kavu liitwalo majoránka linalonukia kati ya mrehani na nyasi iliyokauka, na uyoga. Ule uyoga ndio ulionishika. Wacheki hutoka familia nzima kwenda kuuokota msituni majira ya kiangazi na vuli, wanauanika, na ukirudi kwenye maji ya moto unatoa harufu ya msitu baada ya mvua. Nilisahau baridi ya nje kwa kijiko cha tatu. Zuhura, aliyethibitishiwa kwamba hii haina nyama, alikuwa akitafuna kipande cha mkate mweusi huku amefumba macho. "Hii si kisibiti?" Ilikuwa kisibiti, tena tele, Wacheki wanakitia kwenye mkate, kwenye kabichi, kwenye viazi. Kilomita maelfu kutoka Darajani na ulimi wake ukakutana na kiungo cha nyumbani.

Dengu zake zilikuja nzito, zina uchachu wa siki na utamu wa mbali, yai la jicho juu yake na tango la siki pembeni. Fundi akatuambia dengu ndicho chakula cha Mwaka Mpya: ukizila siku hiyo, pesa hazitakupungukia. Zuhura akamjibu kwamba mwaka bado haujafika lakini ataanza mapema.

Ndipo nilipomwona anaacha kula. Yeye alikaa akitazama jikoni, mimi nimegeuzia jikoni mgongo. Kulikuwa na dirisha dogo ukutani linalopitishia sahani. "Wewe," akasema, "geuka. Uzi."

Niligeuka, halafu nikasimama, na fundi akanionyesha kwa mkono kwamba naweza kusogea karibu. Mama yule alikuwa na kitu mezani kama gogo dogo jeupe, urefu wa mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko, kinafuka mvuke. Alikitoboa kwa uma mara mbili tatu mvuke utoke, kisikunjamane kikapoteza wepesi. Kisha akachukua uzi mweupe, akaupitisha chini ya gogo, akauleta juu kwa mikono miwili, akaupishanisha, mkono wa kushoto ukaenda kulia na wa kulia kushoto, akavuta. Hakukandamiza kitu. Kipande kikaegemea pembeni chenyewe, kina uso laini wenye matundu madogo, na ndani yake zikaonekana kete za mkate wa jana zilizochanganywa na unga. Kisu kingekikandamiza, kingekitoa hewa yote, na hewa ndiyo kazi nzima ya hamira na maziwa aliyoukandia tangu asubuhi. Uzi hauna uzito. Alikata vipande sita bila kutazama mikono yake, akiwa anaongea na mtu jikoni. Nilimwomba kwa ishara kama naweza kupiga video. Akakata vingine, polepole zaidi.

Kitu hicho ni knedlík. Siku hizi hospoda nyingi huzinunua zimeshatengenezwa kiwandani, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utauona uzi. Nilisimama pale dirishani, umri wangu huu, nikikumbuka tulivyomcheka baba mdogo kibarazani, na jinsi alivyokuwa akiacha kusimulia taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka uzi ukatoka kwenye hadithi.

Svíčková yangu ilikuwa sahani pana iliyojaa mchuzi wa rangi ya machungwa iliyofifia, vipande viwili vya nyama vimezama, na knedlík sita zimepangwa pembeni kama vigae. Mchuzi ule si wa nyama, ni wa mizizi: karoti, mzizi wa seleri, mzizi wa pasli, kitunguu, vyote vimechemka na nyama kwa saa nyingi pamoja na pilipili manga na punje kavu ambazo Wacheki huziita kiungo kipya, kisha vimesagwa hadi vikawa laini na kutiwa malai. Unaanza utamu, unafuata uchachu, halafu viungo vinachelewa kufika. Juu yake waliweka kipande cha limau, malai iliyopigwa, na jamu ya matunda mekundu ya porini. Jamu niliielewa. Malai iliyopigwa niliisogeza pembeni na sikujuta, mchuzi unayo ya kutosha.

Lakini knedlík zile! Peke yake haina neno la kukuambia, kama ugali usio na mboga. Ukiitosa, ile hewa iliyolindwa na uzi inajaa mchuzi, na unapoitia mdomoni unakula mchuzi wenye mwili. Nikaacha kukata nyama nikawa nafanya kama fundi alivyofanya: nakata robo ya kipande, nafagia nacho sahani kutoka ukingoni hadi katikati. Mtu aliyelelewa kwa ugali na mchuzi hahitaji kufundishwa jambo hili. Nilifagia hadi ua la buluu lililochorwa chini ya sahani likaonekana.

Mafundi walikunywa bia moja moja na chakula, kisha wakaacha. Mhudumu alikuwa amewawekea kila mmoja kikaratasi kirefu na kuchora mstari kwa kila glasi. Kikaratasi hicho ndicho hesabu yako, usikipoteze. Bia ile ya rangi ya dhahabu ambayo dunia nzima imeiiga ilipikwa kwanza Plzeň mwaka 1842, na mpishi wake alikuwa Mbavaria, Josef Groll. Mimi nilichukua glasi ndogo. Zuhura alikunywa Kofola, soda nyeusi ya mitishamba iliyobuniwa Chekoslovakia mwaka 1960 wakati kola za Marekani zilikuwa hazipatikani. Inatolewa kwenye bomba kama bia, haina utamu mwingi, na kwa maneno ya Zuhura inaonja kama mtu aliyetia dawa ya kikohozi kwenye kola, na bado aliagiza ya pili siku iliyofuata. Mwisho tulipewa kahawa ya Kituruki, unga wa kahawa umemiminiwa maji ya moto ndani ya glasi, uungoje utulie. Huko hakuna haluwa wala tende, lakini uchungu ulikuwa sahihi.

Hesabu: svíčková na supu korona 175, bia ndogo 42, dengu na supu 149, Kofola 45. Jumla 411, kahawa mama alikataa kuitoza. Kama shilingi 48,000 kwa watu wawili waliokaa kwenye joto, wakala wakashiba, wakati ile nyama ya Jumamosi ilikuwa 516 kwa mtu mmoja aliyesimama. Mhudumu alikuja na pochi kubwa nyeusi. Huko huachi bakshishi mezani; unamwambia kiasi unachotaka akate kwa jumla. Nikasema 450. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Tulipotoka tukasema "Na shledanou" kwa chumba kizima, na sauti kama kumi zikaitikia, wengine midomo imejaa.

Tulirudi Jumanne kabla ya treni. Mhudumu alitupeleka moja kwa moja kwenye ile meza ndefu.

Ile video niliituma jioni ya Jumatatu nikiwa kitandani. Ilionekana imefunguliwa, na baba mdogo akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha ikaja sauti: "Mpelekee bibi. Mwambie aangalie mkono wa kushoto." Bibi hana simu ya kufungua video, kwa hiyo baba mdogo alimpelekea mwenyewe, kwa miguu, usiku uleule.

Jumanne hiyo, treni ikiwa inapita Ústí nad Labem, niliingiza simu kwenye mtandao nikakuta picha moja tu kutoka kwake. Sinia la bati la bibi, lile lenye pembe iliyobonyea. Ndani yake ugali wa jana, umekatwa vipande sita vilivyonyooka, na kando ya sinia uzi mweusi umezungushiwa kidole cha bibi.